Nilimwambia Mtu Mmoja Tu

Godoro lilikuwa limeanikwa uani juu ya viti viwili, likiota jua kama mgonjwa aliyetolewa nje, na kikongwe mmoja alikuwa akilipiga kwa ufito, taratibu, upande huu kisha upande ule. Vumbi halikutoka. Lingetoka wapi, na godoro halikulaliwa na mtu tangu mwenye nalo alipokamatwa barabarani na watu waliojiita wa serikali, akasukumwa ndani ya gari lisilo na namba, asionekane tena? Lakini kila wiki bibi yule alilitoa, akalipiga, akaligeuza, na jua lilipolegea akalirudisha kitandani na kulitandikia shuka safi. "Mwanangu ana pumu," aliwaambia waliouliza. "Akirudi akakuta ukungu, kifua kitambana."

Jaji mstaafu alisimama langoni, kofia mkononi, akamngoja amalize. Hakutaka kuikatiza kazi ile. Ilikuwa na heshima yake, kama sala.

"Karibu, mheshimiwa," bibi alisema bila kugeuka. Alikuwa amemtambua kwa kikohozi. "Mkwe wangu yumo ndani, anagombana na makaratasi."

Makarani wa mahakama walikuwa wamembandika jaji huyu jina la Kifungu, kwa sababu hakuwahi kutoa amri, hata ya kufungua dirisha, bila kutaja kifungu kilichomruhusu. Marehemu mkewe aliwachekesha wageni kwa kusema kwamba mumewe akitaka chumvi mezani huanza na "kwa mujibu wa". Naye alicheka pamoja nao, kwa kuwa hakuona aibu. Aliamini kwamba sheria ni kama ukuta: unaweza kuuchukia unapokuzuia kupita, ila siku ya tufani utauegemea. Alistaafu na imani hiyo ikiwa haijapata ufa, na kwa ajili hiyo ndipo alipoitwa kutoka kwenye bustani yake ya mboga, akaombwa aongoze jopo la kumtafuta mwenyekiti mpya wa Tume ya Haki za Binadamu.

Waombaji walikuwa wengi. Alipoyapitia majina yao aliona wote wanataka kiti, na hakuna aliyetaja kazi. Ndipo alipomkumbuka wakili huyu, aliyewahi kuwa msaidizi wake akiwa ndio kwanza ametoka chuoni, aliyemzoea hadi akamwita baba. Tangu mumewe apotee, mwanamke huyo alikuwa amezikusanya familia za watu waliopotea kama mumewe, akazifundisha kusimama mbele ya majengo makubwa zikiwa na picha vifuani, bila tusi wala jiwe.

Alimkuta mezani, miwani juu ya kichwa, akiitafuta miwani hiyo hiyo.

"Iko utosini," jaji alisema.

Akacheka, akaivuta chini. "Baba, umekuja kunisalimia au umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kukuomba."

"Maombi yako nayajua. Yana kifungu ndani."

Alimweleza. Wakili alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa, si kwa ukaidi, bali kama mtu anayekataa chakula anachokijua kitamdhuru. Alisimama, akalisogelea dirisha, akamtazama bibi aliyekuwa akiligeuza godoro, akarudi na kuketi karibu zaidi.

"Kuna jambo mama halijui," alisema kwa sauti ya chini. "Mwanangu alipougua moyo, midomo ikawa inamgeuka rangi kila akipanda ngazi, daktari alisema hapa hawamwezi, apelekwe nje. Nikaenda kumwombea pasi ya kusafiria. Yule wa dirishani akaniambia, mama, tunataka sahihi za wazazi wawili. Lete sahihi ya baba, au lete karatasi ya kifo. Hakuna njia ya tatu. Nikaenda mahakamani nikaapa. Nikasema mume wangu amekufa. Mtoto akatibiwa, leo anakimbia. Lakini mimi ndiye ninayewaambia wale kina mama wasiape kamwe. Na huyo hapo nje, baba, hilo likimfikia..."

Hakumaliza. Jaji aliuweka mkono wake juu ya mkono wa wakili.

"Limeingia sikioni mwangu na mlango umefungwa," alisema. "Halitoki."

"Naomba lisitoke."

"Mimi nakwambia halitoki."

Basi akaendelea kumshawishi, maana jambo lile mbele yake halikuwa doa, bali jeraha, na hakujua sheria inayomzuia mtu kuongoza kwa sababu ya jeraha. Alimuuliza mpaka lini atasimama nje ya lango akiwapungia walio ndani. Wakili alikuwa bado anatafuta pa kujibia pale bibi alipoingia, akipangusa mikono kwa upindo wa nguo. Alikuwa amesikia neno moja tu, Tume, na hilo lilimtosha.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Ukikaa kwenye kile kiti hakuna atakayekufungia jalada. Utafungua hili, utafungua lile, mpaka utamkuta."

Alilisema bila huzuni, kama mtu anayemwelekeza mwenzake duka. Wakili alimtazama jaji. Jaji aliinamisha macho. Baada ya hapo hakukuwa na la kushawishi. Neno la bibi lilikuwa limeshafunga mjadala.

*

Jopo lilikaa faragha kuchuja majina. Wajumbe walikuwa watano, na kabla ya kuanza kila mmoja aliinua mkono akaapa mambo mawili: kwamba hataficha lolote analolijua kuhusu mwombaji, na kwamba litakalosemwa chumbani humo litabaki chumbani humo. Jaji ndiye aliyekitunga kiapo hicho. Alikipenda kwa jinsi pande zake mbili zilivyokuwa zikishikana, kama bawaba na mlango.

Jina la wakili lilipofikiwa, mhadhiri mmoja, mtu wa sauti laini aliyekuwa na mazoea ya kupangusa miwani kila anapotaka kuuliza jambo, alisema, "Mwenyekiti, huyu tunasikia ni kama binti yako. Si kwa ubaya. Tunaomba tu utusaidie: kuna lolote tusilolijua?"

Angeweza kusema hakuna. Kinywa kilikwisha kuumba neno hilo. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa bado kama uko hewani, na aliuhisi. Akaviweka viwili kwenye mizani: huku ahadi aliyoitoa sebuleni, huku kiapo alichokiapa mbele ya watu. Ahadi ya sebuleni haikuwa na kifungu.

Alisema. Alilisema kwa ufupi, hata kwa huruma, akiwaonyesha kuwa mwanamke aliyeonja uchungu wa dirisha lile la ofisi ndiye anayejua mlango wa haki umebanwa wapi. Wajumbe waliitikia kwa vichwa. Mhadhiri aliivaa miwani yake.

"Ahsante, mwenyekiti. Uwazi wako ni funzo kwetu sote."

Jaji alirudi nyumbani akamwagilia mboga zake. Alikula, akalala, na usingizi wake haukuwa na ndoto. Baadaye, mambo yalipokwisha kuharibika, hilo ndilo lililomuuma kuliko yote: kwamba alilala vizuri.

*

Mahojiano yalifanyika hadharani, katika ukumbi wenye mapazia mazito na vipaza sauti vilivyokohoa kila vilipowashwa. Siku ya kwanza alihojiwa balozi mmoja mstaafu, mtu mtanashati, ambaye majibu yake yalikuwa kama maji ya kunawa: vuguvugu, hayana ladha, na hayamuunguzi mtu. Siku ya pili ikawa zamu ya wakili. Viti vya nyuma vilijaa kina mama na picha zao. Nyumbani, bibi alikuwa amewaalika majirani waje kumtazama mkwe wake kwenye televisheni.

Alijibu vizuri. Jaji, aliyeketi katikati ya meza, aliona fahari ikimpanda kifuani kama mzazi kwenye sherehe ya shule. Mjumbe mmoja alimuuliza angefanya nini iwapo mkubwa fulani angempigia simu na kumwamuru aache uchunguzi.

"Ningemwomba asubiri kidogo nitafute kalamu," wakili alisema, "kisha anitajie jina lake herufi kwa herufi."

Ukumbi ulicheka. Hata polisi aliyesimama mlangoni aligeuza uso ukutani ili acheke.

Kisha mhadhiri akavua miwani.

"Mama, wewe ndiye uliyewafundisha hawa walioko nyuma wasikubali kutia sahihi kwamba wapendwa wao wamekufa. Ni kweli?"

"Ni kweli. Ukishatia sahihi, anayetafutwa huacha kutafutwa."

"Umesema vema." Alipuliza kioo kimoja, akakipangusa. "Sasa mumeo. Ni nani aliyekwenda mahakamani akaapa kwamba mumeo amefariki?"

Vicheko vilivyokuwa bado vinaelea vilianguka. Wakili hakumtazama mhadhiri. Alimtazama mwenyekiti, kama mtu anavyoutazama mlango aliokuwa na hakika ameufunga.

Jaji alijua la kufanya. Alikuwa na nyundo ya mbao mbele yake, na mamlaka ya kusema kwamba la faragha haliulizwi hadharani. Kanuni hiyo aliiandika kwa mkono wake. Alifungua kinywa. Na kilichotoka, kwa mazoea ya miaka yote aliyoketi kwenye kiti cha hukumu, kikawa kingine kabisa.

"Mwombaji ajibu swali."

"Mimi," wakili alisema. "Ni mimi niliyeapa."

Alieleza habari ya mtoto na moyo wake, na dirisha, na njia mbili zisizo na ya tatu. Hakujitetea, aliisema kama shahidi wa jambo lililompata mtu mwingine. Alipomaliza aliuliza, kwa adabu, "Naomba kujua. Haya yanarushwa moja kwa moja?"

Katibu wa jopo alisema ndiyo.

"Basi mama ameshasikia," wakili alisema, na tangu hapo kila swali alilijibu kwa neno moja moja, macho yakiwa mbali.

Nyuma ya ukumbi, mwanamke mmoja aliishusha picha aliyokuwa ameiinua tangu asubuhi, akailaza mapajani, uso ukielekea chini.

Jaji alimfuata wakili nje ya ukumbi, kwenye korido iliyonuka rangi mpya. Alikuwa ameegemea ukuta, viatu mkononi.

"Nilimwambia mtu mmoja tu, baba."

"Mwanangu, kiapo cha jopo kilisema..."

"Usinitajie kifungu." Hakupaza sauti. "Leo, tafadhali, usinitajie kifungu."

Akavaa viatu vyake, akaondoka.

*

Alasiri jaji alikwenda nyumbani kwao. Hakujua anakwenda kusema nini; miguu ilimtangulia. Mlango ulikuwa wazi. Majirani walikuwa wameondoka, vikombe vya chai vimebaki vimejaa. Bibi alikuwa ameketi ukingoni mwa kochi, amevaa nguo za kutokea, furushi miguuni. Mkwe wake alikuwa amesimama mbele yake, mikono imening'inia kama si yake. Hakuna aliyemkaribisha jaji, na hakuna aliyemfukuza.

"Ulimzika mwanangu peke yako," bibi alikuwa akisema. "Hukuniita."

"Mama, sikumzika. Ilikuwa karatasi. Nilikuwa namwokoa mtoto."

"Kwani ningekataa? Yule si mjukuu wangu? Ungeniambia, tungekwenda wote. Ningekaa nawe kwenye benchi la mahakama. Ningelia, ningeweka dole gumba, tungerudi nyumbani." Alizungumza taratibu, akipumzika kati ya neno na neno. "Wewe ukaniacha. Nalianika godoro, wewe uko dirishani unanitazama."

"Niliogopa kukuvunja moyo."

"Haya," bibi alisema. "Umeuona ulivyovunjika."

Gari la binti yake mdogo lilipiga honi nje. Bibi alilishika furushi. Wakili alinyoosha mkono kumpokea, akakuta bibi amelihamishia mkono wa pili. Jaji alijisogeza kando ili kumpisha, na bibi alipopita hakumtupia hata jicho. Angemtukana ingekuwa nafuu. Mtu anayekutukana bado anakuhesabu.

Wiki iliyofuata jopo liliandika ripoti. Jina la balozi liliwekwa mbele, kwa maelezo kwamba ndiye mwenye uwezo wa kuunganisha watu. Jina la wakili liliwekwa la mwisho, likasindikizwa na sentensi ndefu ya sifa, kama ua juu ya kaburi. Hapo ndipo jaji alipoelewa alichokuwa amealikwa kukifanya tangu mwanzo. Jina la mshindi lilikuwepo kabla jopo halijazaliwa. Kilichokosekana kilikuwa sura safi ya kulibariki, na mshindani mwenye heshima wa kushindwa. Yeye aliwaletea vyote viwili. Alikataa kutia sahihi. Wenzake walimsikitikia, wakamheshimu, wakaendelea: kulikuwa na kifungu kinachoruhusu sahihi za wanne. Alikitambua. Alikuwa amekiandika mwenyewe, kwa ajili ya mjumbe atakayeugua.

Alimpigia wakili simu, haikupokelewa. Alimwandikia ujumbe, akaufuta, akaandika mwingine. Mboga bustanini zilianza kukauka, na majirani wakasema mzee sasa umri umemfikia. Umri haukuwa na kosa. Alikuwa akikaa barazani akiisikiliza tena na tena sauti yake mwenyewe ikisema halitoki, mimi nakwambia halitoki, na kila akiisikia ilizidi kufanana na sauti ya mtu mwingine, mmoja wa wale mashahidi wake wa zamani, wenye hakika nyingi, ambao alizoea kuwatilia shaka.

Siku moja alipanda basi kwenda kwa binti mdogo wa bibi. Hapakuwa karibu. Alimkuta bibi uani, mkekani, akichambua maharage kwenye sinia. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa ndefu.

"Shikamoo," jaji alimwamkia, ingawa pengine walilingana umri.

Bibi aliitikia bila kuinua macho kutoka kwenye sinia. Hakumpa kiti. Jaji aliketi chini, suruali yake ya suti ikipata vumbi.

"Nimekuja kukwambia kwamba kosa si la mkwe wako," alisema. "Alinipa siri, nikaahidi kuitunza, nikaitoa. Ni mimi."

"Najua ni wewe. Aliniambia hakumwambia mwingine." Bibi alichukua jiwe dogo kati ya maharage, akalitupa. "Lakini wewe ulitoa tu. Aliyeficha ni yeye."

Kuku alipita kati yao, akadonoa karibu na jiwe, akaondoka.

"Wewe ni jaji," bibi alisema ghafla. "Watu waliletwa kwako wamefungwa pingu, ukasema huyu anayo hatia, huyu hana, na ikawa. Niamulie na mimi. Mwanangu yu hai au amekufa?"

Alitafuta. Kwa mazoea tu, akili yake ilikwenda kwenye rafu zake na kuanza kupekua: miaka inayotakiwa kupita, tamko la mahakama, nafasi ya kulipinga tamko hilo. Yote yalikuwepo, yamepangwa vizuri. Aliyaacha hapo yalipo.

"Sijui, mama," alisema.

Bibi aliacha kuchambua. "Polisi walisema amekimbia na mwanamke. Majirani walisema subiri, atarudi. Karatasi yenu inasema amekufa. Wewe unasema hujui."

"Ndiyo."

"Basi tuko wawili," bibi alisema. Midomo ilimtetemeka, akaibana. Kisha ikamshinda, akalia pale pale juu ya sinia, bila kujifunika uso, kilio kidogo, kikavu, cha mtu aliyekingoja kwa muda mrefu mno. Jaji hakumwambia nyamaza. Alilisogeza sinia karibu yake, akaanza kuchambua badala yake, vibaya, akitupa na maharage mazima.

Jua lilipogeuka alisimama kuaga. Bibi alikuwa amerudi kwenye kazi yake, akiyaokota mkekani maharage yaliyotupwa kwa ujinga wa wanaume.

"Yule," alisema, akiwa ameinamisha kichwa. "Anakula?"

"Sijui hilo pia. Hapokei simu zangu."

"Kajue."

Kituo cha basi kilikuwa kibao kimoja kando ya barabara. Jaji alisimama chini yake, akatoa simu, na safari hii hakuandika na kufuta. Aliandika: "Nimetoka kwa mama. Anauliza kama unakula." Akautuma, akabaki ameishika simu kwa mikono miwili.

Haikuchukua muda ikalia.

"Amesema hivyo?" ilikuwa sauti ya wakili, bila salamu, nyembamba. "Kwa maneno yake?"

"Kwa maneno yake."

"Nitajie kama alivyosema. Usiongeze kitu."

"Alisema, yule anakula?"

"Yule," wakili alirudia.

"Ndiyo. Alisema yule."

Alimsikia akivuta pumzi, na pumzi ile ikakatika njiani. Zamani, shahidi alipovunjika kizimbani, jaji alizoea kuhesabu kidogo kimoyomoyo kisha kusema endelea. Basi lilitokea, likapunguza mwendo, kondakta akamwita kwa mkono. Jaji aligeuza uso upande wa mashamba, simu ikiwa sikioni, akasikiliza.